Kabla Uite, Sikiza Kwanza: Historia ya Kuita Bata Mzinga kwa Mdomo

Kuna ujuzi mmoja wa Marekani ambao ukiuona kwa video mara ya kwanza lazima ucheke. Jamaa mzima, ndevu zimejaa, amevaa nguo za madoa kama mwanajeshi, ameketi chini ya mti alfajiri. Anatoa kitu kidogo mfukoni, anakiweka mdomoni kama peremende, halafu anaanza: kiyok, kiyok, kiyok. Sauti ya bata mzinga jike, safi kabisa. Zinapita sekunde chache, na huko mbali msituni dume anajibu kwa kelele kama mtu anayesukutua maji kooni. Jamaa anatabasamu, anatulia. Mazungumzo yameanza.

Nilitazama moja, nikajikuta nimetazama hamsini. Baadaye nikatafuta hicho kifaa na kuanza kujifunza mwenyewe, na kadiri nilivyojifunza ndivyo nilivyozidi kuuliza: hii kitu ilianzia wapi? Nani alikaa msituni mpaka akajua ndege anasema nini? Nimesoma vya kutosha kuwa na msimamo, na nausema mapema ili usisome hadi mwisho ukitafuta. Ujuzi wa sauti hufa haraka kuliko ujuzi mwingine wote. Hufa siku mwalimu anapokosekana, awe mwalimu huyo ni mtu au ni ndege. Wamarekani walikaribia kupoteza wote wawili wakaokoka. Sisi hapa Kenya tuna ujuzi wa aina hiyo hiyo, na sijui kama tunaona unavyotuponyoka.

Tuanze na ndege mwenyewe. Bata mzinga ni mwenyeji wa Amerika Kaskazini, na watu wa Mexico walikuwa wakimfuga karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1500. Wakati huo Waingereza walikuwa tayari wanamjua kanga, huyu kanga wetu wa Afrika, aliyefika kwao kupitia wafanyabiashara wa himaya ya Uturuki, na kwa hivyo wakamwita ndege wa Uturuki. Mgeni kutoka Amerika alipofika, watu wakawachanganya wawili hao, na jina la kanga likamhamia bata mzinga hadi leo. Hata wanasayansi hawakupona. Jina lao la kundi la bata mzinga, Meleagris, ni neno la Kigiriki cha kale lililokuwa la kanga. Kwa hivyo ukisikia Mzungu akimtaja bata mzinga kwa Kiingereza, jua hilo ni jina la ndege wa kwetu.

Sasa sauti zake. Wengi wetu tunajua ile moja tu ya dume, ile gobo-gobo-gobo ambayo watoto huigiza. Hiyo ni tangazo: niko hapa, nimekomaa, jike aje. Lakini lugha yenyewe iko kwa majike. Kuna ile kiyok-kiyok ya kutafuta wenzake. Kuna tok moja fupi ya kusema tu kwamba niko karibu. Kuna mkoromo laini, krrr, wa ndege aliyeshiba na hana wasiwasi. Kuna makelele ya haraka haraka wakati wa kuruka kutoka mtini asubuhi, maana bata mzinga wa porini hulala juu ya miti. Vifaranga waliopotea hulia kwa sauti nyembamba ya mluzi wakimtafuta mama. Na kuna pat! moja kali ya kutangaza hatari, na ukiitoa hiyo kwa bahati mbaya umemaliza siku, hakuna ndege atakayesogea.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Kwa kawaida, dume akiita ni jike anayemfuata. Ndio mpango wao. Mwindaji anayejifanya jike anaomba kinyume: anataka dume avunje desturi yake amfuate yeye. Kwa hivyo haitoshi kutoa sauti inayofanana. Lazima ujue uite lini, uite mara ngapi, na zaidi ya yote unyamaze lini, ili dume aanze kujiuliza mbona huyu mrembo haji. Ukiita sana, anakaa pale pale akikungoja, kwa sababu jike anayeongea hivyo bila shaka yuko njiani. Ukinyamaza, udadisi unamla. Naona kuna somo la maisha hapo lakini leo tuko kwa historia.

Watu wa kwanza kuijua lugha hii walikuwa wenyeji wa asili wa Amerika. Chombo chao kilitoka kwa ndege mwenyewe: mifupa ya bawa. Unachukua mifupa myembamba ya bawa la bata mzinga, hasa jike, unaisafisha, unaiunganisha iwe kama bomba, halafu hupulizi. Unanyonya. Hewa ikivutwa ghafla kwa midomo iliyobanwa inatoa ile kiyok. Waakiolojia wamepata mifupa iliyotengenezwa hivyo kwenye makazi ya kale ya Tennessee, na makadirio yanaipa miaka zaidi ya 6,000. Ebu fikiria. Kabla ya piramidi za Giza, kuna mtu msituni Tennessee alikuwa anaongea na ndege kwa kutumia mfupa wa ndege huyo huyo. Na hawangeweza kubahatisha. Mtu huyo hakuwa na bunduki ya kufika mbali, kwa hivyo ndege alipaswa kuja karibu kabisa.

Tuje karne ya 19. Mwaka wa 1867, jamaa mmoja wa New Orleans alipewa hataza ya kifaa kidogo cha kuweka mdomoni. Mwaka wa 1897, Henry Gibson wa mji wa Dardanelle, Arkansas, akapata hataza ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko, ambacho ukisugua kifuniko juu ya ubao wa pembeni kinalia kama jike. Kisanduku hicho bado kinauzwa kwa maumbo mengi, na kile kifaa cha mdomoni ndicho babu wa vile unavyoona kwa video.

Sina shida na mtu kubuni kitu akatambuliwa. Lakini tuwe wakweli kuhusu kilichoandikwa kwenye hataza na kilichoachwa nje. Hataza ilisajili mbao na mpira. Ile kazi ngumu, yaani kujua sauti ipi ina maana gani na asubuhi ipi inafaa, ilikuwa imefanywa na vizazi vya watu ambao wakati huo huo walikuwa wakifukuzwa kwenye ardhi yao. Miaka ya 1830 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu Wacherokee, Wachoctaw, Wamuscogee na wengine kutoka misitu hiyo hiyo ya kusini mashariki. Watu wakaondolewa, ujuzi ukabaki mikononi mwa waliohamia, na jina la mwenye ujuzi likapotea njiani. Hiyo tabia tunaifahamu Afrika, haihitaji maelezo mengi.

Sasa nikuonyeshe kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu bila hiyo hutaelewa mbona nasema ujuzi huu ni wa kufundishana. Kina umbo la kwato la farasi, kidogo kutoshea juu ya kaakaa. Fremu ni ya bati jepesi au plastiki, imezungushiwa utepe laini, na katikati kuna mpira mwembamba sana umevutwa kama ngozi ya ngoma, wakati mwingine tabaka mbili au tatu zenye mikato tofauti. Huo mpira ndio unaotetemeka. Na ndiyo, mafundi wengi wamewahi kuukata kutoka kwa kondomu, na hadi leo kuna aina ya mpira wa kazi hii inayojulikana kwa jina hilo. Cheka, halafu tuendelee.

Unakisukuma juu kwa ulimi hadi kikae kwenye kaakaa, ule upande ulio wazi ukiangalia mbele. Siku za kwanza koo linakataa, unahisi kutapika, na mate yanakujaa. Hiyo ni kawaida kwa wote. Halafu unapuliza hewa kutoka tumboni, si mashavuni, ipite kati ya ulimi na mpira. Kwanza inatoka fff, kama tairi limetoboka. Unaongeza mkandamizo wa ulimi kidogo kidogo mpaka inageuka kuwa mluzi mkali. Hapo umepata nota ya juu. Sasa unashusha taya ghafla bila kukata hewa, na sauti inavunjika kutoka juu kwenda chini: kiiii-yok. Hiyo mivunjiko miwili ndani ya pumzi moja ndiyo sauti ya jike. Kwangu ilichukua kama wiki mbili kuifikia, na majirani wana maoni yao kuhusu hizo wiki mbili.

Lakini kutoa sauti ni nusu tu. Mdundo ndio lugha. Wazee wa kazi hii wanasema heri uwe na sauti mbaya na mdundo sahihi kuliko sauti tamu isiyo na mdundo, na ukikaa na rekodi za ndege halisi unaona maana yao. Kuna majike wengine wana sauti mbovu kabisa, za kukwaruza, ambazo hakuna jaji wa mashindano angezipa alama. Na dume anawajibu vizuri tu. Kwa hivyo mwalimu wa mwisho ni ndege, na hapo ndipo historia ilitaka kuharibika.

Wakoloni walipofika Amerika walikuta bata mzinga wengi kupindukia. Wakakata misitu kwa ajili ya mashamba, wakawinda mwaka mzima bila sheria, wakauza nyama sokoni kwa mikokoteni. Jimbo la Massachusetts lilimpoteza bata mzinga wake wa mwisho wa porini mwaka wa 1851. Majimbo mengine yakafuata. Kufikia miaka ya 1930, kadirio linalotajwa sana ni kwamba nchi nzima ilikuwa imebakiwa na kama 200,000 tu, wamejificha kwenye vinamasi na milima ambako shoka halikufika.

Serikali za majimbo zikajaribu suluhisho linaloonekana la akili: fuga bata mzinga kwenye mabanda, kisha uwaachilie msituni. Wakafanya hivyo kwa miongo, kwa pesa nyingi. Ikafeli. Ndege wale walikuwa na damu ya porini lakini hawakuwa wamelelewa na mama wa porini. Hakuna aliyewaambia ile pat! ina maana gani. Hakuna aliyewaonyesha wakimbilie wapi mwewe akipita. Wakawa chakula cha mbweha, au wakarudi kusimama kando ya barabara wakingoja kulishwa. Mimi sehemu hii ndiyo iliyonishika zaidi katika stori yote. Ndege alikuwepo, mwili wake mzima mzima, lakini lugha na malezi havikuwepo, na bila hivyo hakuweza kuishi.

Kilichofaulu kilikuwa kigumu zaidi. Mwaka wa 1951, kwenye msitu wa Francis Marion huko South Carolina, wataalamu walifanikiwa kunasa bata mzinga wa porini kwa nyavu kubwa zinazorushwa na mizinga midogo. Ndiyo, bata mzinga walikamatwa kwa mzinga, lugha yetu ilikuwa imeshatabiri. Kutoka hapo wakaanza kuhamisha kundi zima la porini, watu wazima wenye ujuzi wao, hadi mahali ambapo ndege walikuwa wameisha. Massachusetts ilipokea 37 tu kutoka New York mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo jimbo hilo lina makumi ya maelfu, na wengine wanatembea mitaani viungani mwa Boston wakifukuza watu. Nchi nzima idadi ilipanda hadi karibu milioni 7 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa baadhi ya maeneo ya kusini yameona ikishuka tena tangu hapo.

Nani alilipa? Kwa sehemu kubwa, wawindaji wenyewe. Sheria ya mwaka wa 1937 ilielekeza pesa za ushuru wa bunduki na risasi kwa uhifadhi wa wanyamapori. Mwaka wa 1973 wapenzi wa ndege huyu wakaunda shirikisho lao la kitaifa, na mashindano ya kuita, ambayo mji wa Yellville huko Arkansas ulikuwa ukiyaandaa tangu miaka ya 1940, yakawa jambo kubwa lenye mabingwa na vikombe. Watoto wanashindana pia. Na sikiza hii, wewe unayependa njia za mkato: majimbo mengi yanakataza mwindaji kucheza sauti iliyorekodiwa. Huwezi kubonyeza simu ikuitie. Sauti lazima utengeneze mwenyewe. Sheria hiyo, hata kama lengo lake lilikuwa ni usawa wa uwindaji, imefanya kitu kingine. Imewalazimisha watu waendelee kujifunza.

Si kila aliyejifunza alitaka kuua. Joe Hutto wa Florida alipata mayai ya bata mzinga wa porini akayaatamisha mwenyewe. Alikuwa akiongea nayo kabla hayajaanguliwa, na vifaranga walimjibu wakiwa bado ndani ya yai. Walipotoka, walimwona yeye kama mama. Akaishi nao msituni hadi wakakua, akijifunza sauti zao moja baada ya nyingine, akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1995 na baadaye kikatengenezewa filamu. Kwangu yeye ndiye mwanafunzi bora wa lugha hii, na hakuhitaji bunduki.

Najua kuna msomaji anauliza: wewe ni Mkenya, nchi yetu ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka wa 1977, mbona unatusifia wawindaji? Siwasifii, na sitaki marufuku hiyo iguswe. Ninachotaka uone ni jinsi ujuzi wa kuongea na ndege ulivyotunzwa: una walimu, una mashindano, una ndege hai wa kuufanyia mazoezi. Sasa geuza macho uangalie kwetu, kwa sababu tuna kitu ambacho kwa maoni yangu kinaushinda ule wa Marekani.

Yuko ndege mdogo anaitwa mlembe. Huyu hadanganywi na binadamu, wanafanya kazi pamoja. Anajua nyuki wako wapi lakini hawezi kuvunja mzinga. Mtu anaweza kuvunja lakini hajui nyuki wako wapi. Wakikutana, ndege anaongoza, mtu anafuata, mtu anachukua asali na ndege anabaki na nta na viluwiluwi vya nyuki. Wazungu wengi waliiona hii kama hekaya mpaka mwanasayansi wetu, Hussein Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alipoipima kaskazini mwa Kenya pamoja na warina asali wa Kiborana. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1989. Bila ndege, kupata mzinga kulichukua wastani wa saa 8.9. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2.

Na Waborana wanamwitaje? Kwa mluzi. Wanaita fuulido. Wanapuliza ndani ya ngumi zilizofumbatwa, au kwenye kombe la konokono, au kokwa la mkoma lililotobolewa, na sauti inasikika zaidi ya kilomita moja. Ukiweka kokwa hilo kando ya ule mfupa wa Tennessee, utaona binadamu wawili wasiojuana wakifikia wazo moja.

Utafiti wa karibuni umeongeza jambo zito. Wayao wa Msumbiji wana mlio wao, brrr-hm, na Wahadza wa Tanzania wana mluzi wao. Watafiti walicheza sauti hizo kwa walembe wa pande zote mbili, na matokeo ya mwaka wa 2023 yakaonyesha kwamba ndege huitikia sauti ya wenyeji wake zaidi kuliko sauti ya wageni. Yaani ndege pia amejifunza lahaja ya eneo lake. Ni makubaliano ya pande mbili, yaliyojengwa kwa vizazi, na kila upande unamfundisha mwenzake.

Ndiyo maana naogopa. Bata mzinga wa mabandani walitufundisha kwamba ukikata malezi kizazi kimoja, huwezi kurudisha kwa kuachilia miili tu. Mahali ambapo watu wameacha kumfuata mlembe, kwa sababu sukari iko dukani na vijana wako mjini, watafiti wameeleza kwamba tabia ya kuongoza nayo hufifia. Mtu akinyamaza, ndege hana sababu ya kuendelea kuongea. Na hakuna nyavu wala mzinga wa kuhamisha mazungumzo kutoka kaunti moja hadi nyingine, maana umeona kwamba kila mahali yana lahaja yake.

Mambo matatu, basi. Kwanza, makavazi na vyuo vyetu virekodi miluzi hii pamoja na maelezo ya wanaoijua, kwa majina yao, ili kesho mtu asije akaisajili kama yake. Pili, siku za tamaduni kwenye kaunti ziwe na mashindano ya fuulido kama zilivyo na mbio za ngamia. Vijana watakuja, najua vijana. Tatu, na hili ni letu sisi wenye simu na wafuasi: ukienda kwa mzee anayejua, rekodi, lakini usiishie hapo. Rekodi ni kumbukumbu tu. Mwombe akufundishe, uweke kokwa mdomoni, upulize mpaka itoke, arekebishe vidole vyako, ujaribu tena.

Kama kwenu kuna mtu wa aina hiyo, Isiolo, Marsabit, Tana River, Baringo, popote, niandikie hapo chini anaitaje ndege na anatumia nini. Sitaki kuhadithiwa na mjukuu wake miaka ishirini ijayo kwamba babu alikuwa anajua.